Mguu wa Nne wa Nyumbamwendo

Nyumbamwendo ilikuwa ikishuka korongoni kwa miguu yake sita, na chai vikombeni haikutikisika. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kuu. Kila mguu ulisukumwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba, na Karani, akili unde ya gari, aliyapima mafuta hayo mara elfu moja kwa sekunde, ili wenye likizo zao waweze kula, kulala na kupiga soga huku nyika ikipita dirishani.

Katikati ya mchanga mguu wa nne ukalegea. Nyumba nzima ikalala upande, vikombe vikaenda chini, na Nasikiwa akajikuta amekalia sahani ya vitumbua.

"Wifi, hii ndiyo raha uliyoniahidi?"

Tumsifu hakucheka. Karani alikuwa ameshatoa taarifa kwa sauti yake ya utulivu: mafuta yanavuja, mikono ya chuma ya matengenezo imefukiwa mchangani, waokoaji wako mbali mwendo wa saa tatu. Mvua kubwa imenyesha milimani na maji yatafika korongoni baada ya dakika hamsini. Kingo za korongo zilikuwa kama kuta. Tumsifu angeweza kuzipanda kwa taabu, lakini Nasikiwa alikuwa ametiwa goti la bandia wiki tatu tu zilizopita.

"Nenda wewe," Nasikiwa alisema. "Mimi nitawasalimia samaki."

"Acha maneno yako. Nipe spana."

Tumsifu alifundisha jiografia miaka thelathini, na ufundi aliujua kwa kumshikia taa mumewe tu. Mume huyo, Elisante, kaka yake Nasikiwa, alikuwa fundi wa mitambo hadi kifo chake. Tumsifu aliingia uvunguni mwa gari bila wasiwasi, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mafuta yalikuwa yametapakaa kila mahali, haikuonekana yanakotokea. Akanyoosha mkono alipapase bomba.

"Ondoa mkono!" Karani hakuwahi kupaza sauti kabla ya siku hiyo. "Tafuta kipande cha boksi. Kipitishe taratibu kando ya bomba."

Nasikiwa alimrushia boksi la biskuti. Tumsifu akalichana, akalipitisha, na karibu na nati ya juu boksi likatoboka ghafla.

"Hapo ndipo," Karani alisema. "Tundu halionekani kwa macho, lakini presha yake hupenyeza mafuta ndani ya ngozi, na mafuta hayo huua. Mtu huhisi amechomwa kidogo tu."

Tumsifu alilikumbuka neno hilo. Hivyo hivyo ndivyo Elisante alivyosema aliporudi kutoka kazini: kitu kimenichoma kidogo tu. Siku ya tisa alifariki. Karakana yake ya Korogwe iliandika kwamba alikufa kwa uzembe wake, na kwa miaka kumi na moja mkewe aliamini, akamkasirikia marehemu.

Lakini maji hayangemsubiri amalize kuwaza. Karani alizima pampu, yeye akafungua valvu ya kupunguzia presha, akasubiri mpaka kipimo kikasoma sifuri. Akalegeza nati. Oringi ya ndani, kile kipete cha mpira kinachozuia mafuta, ilikuwa imepasuka. Akatoa mpya kwenye kisanduku cha vipuri, akaipaka mafuta, akaipachika, akakaza, akajazia mafuta yaliyopungua. Pampu ilipowashwa alipitisha boksi jingine. Likatoka kavu.

Mguu ukajinyoosha. Walipofika juu ya ukingo, maji mekundu yalikuwa yakipita chini yao yakibeba magogo.

"Fundi wangu," Nasikiwa alisema akimpiga bega. "Kuanzia leo sikuiti mwalimu."

"Karani," Tumsifu aliuliza, "habari ya boksi uliitoa wapi?"

"Kwenye kumbukumbu za ajali. Karakana moja ya Korogwe, miaka kumi na moja iliyopita. Fundi alipapasa bomba kwa mkono, kama mwongozo wa wakati huo ulivyoelekeza. Kabla ya hapo aliuliza kwa maandishi, mara mbili, kama ni salama. Alijibiwa afuate mwongozo. Alifariki siku ya tisa. Mwongozo ulibadilishwa wiki mbili baadaye."

Nasikiwa alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Na sisi tukaitia sahihi taarifa ya karakana, wifi. Tukakubali."

"Fundi huyo aliitwa nani?" Tumsifu aliuliza.

"Kumbukumbu haina jina. Ina namba."

"Na watu wangapi wameambiwa watumie boksi kwa sababu yake?"

"Elfu sita mia mbili na nne, pamoja na wewe."

Tumsifu alijifuta mikono kwenye gauni, akaendelea kujifuta ingawa mafuta hayakutoka. Machozi aliyaacha yashuke.

"Andika jina," alisema. "Elisante Mbwambo."

"Nimeandika. Kuna la kuongeza?"

Nasikiwa hakuwa ameulizwa, lakini yeye ndiye aliyejibu.

"Ongeza kwamba hakuwa mzembe," alisema. "Na uweke kwamba aliyesema ni dada yake."