Grisi Kwenye Taa

Kila jioni, kabla baba hajapeleka mikate hospitalini ng'ambo ya mlima, taa za gari lake zilifutwa kwa maji ya sabuni. Kazi hiyo ilikuwa ya Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa domo lake, mpaka mtoto wa shangazi alipofiwa na mama yake akaja kuishi nao.

"Mpwa wangu ana mkono mzuri," baba alisema. "Akifuta yeye, sirudii kukagua."

Maneno hayo yalimwingia Chiriku kama pilipili kwenye kidonda. Kitambaa cha kufutia taa kachukua, na baba pia anamchukua!

Jioni moja mvua ilinyesha mfululizo. Mtoto wa shangazi alimaliza kufuta taa, akakimbilia ndani kuchukua koti.

"Mjomba akipeleka mikate atanipitisha kwa bibi. Nitakaa mbele!"

"Kaa tu, malkia," Chiriku alijibu, midomo kaibinua.

Alipobaki peke yake, alichota grisi kwenye kopo, akazipaka taa zote mbili. Baba akiziona, atamgombeza huyo mwenye mkono mzuri. Basi, hakuwaza zaidi.

Lakini baba alitoka haraka, mpwa wake akimfuata, wakapanda. Hakuzitazama taa. Gari likaanza kuteremka gizani, mwanga wake hafifu kama wa kibatari. Chiriku akaikumbuka kona ya chini, penye utelezi na korongo.

"Baba! Simama!"

Alikimbia pekupeku, akaanguka topeni, akainuka, akaligonga gari ubavuni kwa viganja. Likasimama.

"Una wazimu? Ningekukanyaga!"

"Taa, baba. Nimezipaka grisi. Nilitaka umgombeze yeye."

Baba alishuka, akagusa kioo cha taa, akanusa kidole. "Na mimi nikadhani ni mvua tu."

Mtoto wa shangazi alimtazama Chiriku dirishani, akaanza kulia kimya kimya.

Baba alilirudisha gari nyumbani, akazima injini. Alimpa Chiriku sabuni na maji ya moto, akasimama pale mpaka taa zikang'aa.

"Mikate itachelewa, baba."

"Ichelewe. Barabara ikiloa, gari halisimami unapotaka. Ni lazima niende polepole na nione mbali. Mimi nimekosa kwa kutokagua mwenyewe, sitarudia. Lakini wewe, mwanangu, sikia: wivu haukumwonea mwenzako peke yake. Ulitufumba macho sote. Nenda kamwombe radhi kabla hatujaondoka."