Mkataji wa Saa Sita

Yaliyomkuta Fundi hayakuanza kwa kishindo. Yalianza kwa herufi moja. Aliiacha haijakatwa, akaenda kula, akarudi akaikuta imekatwa.

Mwanzo alijicheka. Aliyefiwa akili hazitulii. Pengine aliikata mwenyewe akasahau. Alikuwa akitengeneza vibao vya mbao vyenye maandishi, vile vinavyopigwa mchanga, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tatu. Mbao huunganishwa kwa gundi, zikapigwa randa hadi ziwe laini kama shavu la mtoto mchanga, kisha hubandikwa juu yake karatasi nene ya mpira. Maneno huchorwa kwenye mpira, kisu kikafuata mchoro, na mpira wa pembeni ukabanduliwa, ukabaki ule uliofunika herufi tu. Hapo kibao huingizwa chumba cha mchanga, kompresa, mashine ya kusukuma upepo, ikawashwa, mchanga ukatoka bombani ukivuma, ukaila mbao yote isiyo na kinga. Hula nyama laini na kuacha mishipa migumu imesimama. Mpira ukitolewa, herufi zimenyanyuka; hata kipofu angezisoma kwa kidole.

Kukata ilikuwa kazi ya binti yake wa pekee. Nyumbani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akikata, aliongea akila, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akimsimulia mtu. Lakini mkono wake sasa! Kila herufi aliimalizia kwa kamkia kadogo, na wateja walikuja wakisema, "Tunataka chenye mkia." Homa ilimchukua kwa siku nne tu, akiwa na miaka kumi na tisa. Hata miezi miwili ilikuwa haijatimia.

Na ile herufi iliyojikata ilikuwa na mkia.

Kesho yake Fundi aliacha neno zima juu ya meza, akala tonge tatu, akarudi mbio. Saa sita, jua la utosi. Neno lilikuwa limekatwa lote, na karakana ilinuka udongo uliolowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Chiriku," alinong'ona, "nani anaingia karakana nikienda kula?"

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Wauliza la nini? Kazi si inakwenda?"

"Nani?"

"Mwanetu." Alitabasamu, tabasamu la kwanza tangu msiba. "Sema taratibu, usimtishe. Nilimwita, akaja."

Akamweleza. Wiki moja baada ya mazishi aliingia chumba cha mchanga saa sita mchana, akajifungia, akamwita Chiriku hadi sauti ikakauka. Siku ya nne mtu aliketi kwenye kigoda akamshika mkono. Tangu hapo, kila adhuhuri waliketi pamoja.

Fundi alitaka kumkemea. Badala yake aligeuka akarudi karakana. Ukweli ni kwamba moyo wake pia ulikuwa umeruka kwa furaha. Kwa siku kumi na moja aliacha kazi mezani kwa makusudi, akakaa jikoni na chakula mdomoni bila kutafuna, akisikiliza kisu kikitembea juu ya mpira.

Siku ya kumi na mbili mkewe alimpa maji, na alipopokea kikombe aliuona ule mkono. Nyama ilikuwa imebonyea. Mishipa ilisimama kuanzia vidole hadi kiwiko, mstari kwa mstari, na ngozi ya katikati ilikuwa kavu na nyembamba. Fundi aliujua mchoro ule. Aliutengeneza kila siku.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu, Baba Chiriku."

Adhuhuri hiyo hakukaa jikoni. Alivua viatu, akanyata hadi kwenye ufa wa mlango wa chumba cha mchanga, akaweka jicho, na akamwona mkewe amekaa chini kama mtoto, na kwenye kigoda mtu aliyempa mgongo, amevaa gauni la Chiriku la maua ya njano, mkono mmoja unakata mpira wa kile kibao alichokiacha mezani, bila kusita, na mwingine unampapasa mama mkono, taratibu, kwa mapenzi, na kila ulipopita unga laini ulimwagika kutoka kwenye ngozi ya mama ukatua sakafuni, huku sauti ya kompresa ikivuma chumba kizima ingawa waya wake ulikuwa umeviringishwa ukutani na swichi imezimwa. Lakini kilichomtisha Fundi zaidi hakikuwa hicho. Alisimama pale muda mrefu, akisubiri, na yule aliyekaa kwenye kigoda hakusema hata neno moja.

Alikwenda kwa Bi Godoro, mama mtu mzima aliyeshona magodoro kwa riziki na kuwajua majini kwa kipaji. Bibi huyo alikuja na sindano yake bado imechomekwa kwenye kilemba. Akanusa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Jini hili halikutumwa na adui," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa linapita zake, likasikia linaitwa."

"Litoe, bibi."

"Mimi? Aliyeita ndiye wa kufukuza. Mimi nitashika mlango tu."

Mama Chiriku aliposikia alijipiga kifua. "Mnataka nimfukuze mwanangu?"

"Mwanao hukumfukuza, binti yangu, na hutamfukuza. Ulinyang'anywa. Ingia ukamtazame vizuri huyo uliye naye."

Waliingia watatu saa sita. Bi Godoro alibana mlango kwa mgongo, akisoma dua kwa midomo. Kigoda hakikuwa kitupu. Mama Chiriku alipiga magoti mbele yake.

"Chiriku wangu, baba yako anasema si wewe. Mjibu. Nitukane ukipenda. Lalamika mboga imezidi chumvi. Sema lolote."

Kisu kiliendelea kukata.

"Basi niite mama. Mara moja tu. Niite, nami nitakaa hapa nawe mpaka niishe."

Kisu kikasimama. Kile kitu kikageuka. Uso ulikuwa wa Chiriku, pua yake, nyusi zake, na ulipofungua kinywa ulitoka mchanga, mkavu, mweupe, ukichuruzika bila kukoma, ukilifunika gauni kwa vumbi, ukijaa mapajani, ukishuka hadi kwenye magoti ya mama aliyeendelea kutazama na kusubiri kana kwamba nyuma ya mchanga wote ule kunaweza bado kuwa na neno.

Halikuwepo.

"Mwanangu hakuwahi kuninyima neno," alisema. Akauvuta mkono wake. Kile kitu kikang'ang'ania, ngozi ikachubuka, yeye akavuta tu. "Wewe si wake. Nilikosea kukuita. Ondoka kwangu."

Upepo ulimrusha Bi Godoro nje pamoja na mlango. Vumbi lilipotua, gauni lilikuwa juu ya kigoda, tupu.

Mkono wa Mama Chiriku ulipona, lakini mishipa haikushuka tena. Bi Godoro aliagiza kila kilichokatwa na jini kichomwe kabla jua halijazama. Fundi alirundika vibao vyote uani, akachuchumaa kuvitenga, hivi vya mwanawe, hivi vya yule mwingine. Alipitisha kidole kwenye herufi moja moja. Alasiri nzima, na mikia yote ilifanana. Mwisho aliinua macho akamtazama mkewe, na mkewe akaelewa.

Walivichoma vyote.

Mama Chiriku, ambaye siku ya mazishi watu walimshangaa kwa macho yake makavu, alisimama mbele ya moto akilia kwa sauti, na Fundi akamshika bega.

"Baba Chiriku," alisema alipoweza kusema, "leo ndiyo nimemzika."