Begi la Kubeba Mguu wa Nthenya

Asubuhi, Riruta hapa Nairobi huwa na ukungu. Mimi naupenda sana ukungu huo. Nikifungua mlango, nyumba za majirani zinaonekana nusu nusu. Mtu akipita, huwezi kujua kama anatembea au anaelea. Mume wangu Lazarus husema mimi huota ndoto hata nikiwa nimesimama.

"Mama Fidel, chai inamwagika!" husema.

Na kweli, huwa inamwagika.

Jina langu ni Selpher. Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yetu iko Woodley, kwenye nyumba ya zamani yenye mijakaranda uani. Tunapima, tunakata, tunasugua, mpaka mguu umfae mwenyewe. Kisha kila baada ya wiki mbili nasafiri kwenda kliniki za mbali, nikawavalishe watu miguu yao. Mara Makueni, mara Busia. Kwa hiyo begi si pambo kwangu. Ni chombo cha kazi.

Begi langu la kwanza la matairi nilipewa na Lazarus. Yeye ni fundi wa vigae. Siku nzima yuko magotini, anapanga vigae kwenye nyumba za watu. Siku moja alirudi na begi jekundu, linang'aa kama nyanya iliyooshwa.

"Nimelijaribu mwenyewe dukani," alisema akijivuna. "Linavutwa na kidole kimoja!"

Nikalivuta na kidole kimoja pale sebuleni. Liliteleza vizuri mno. Nikamkumbatia mume wangu, nikajiona malkia.

Mwezi wa tano nilibeba miguu mitatu kwenda Makueni. Mmoja ulikuwa wa mama aitwaye Nthenya. Pikipiki ilimgonga miaka miwili kabla, na tangu hapo alitembea kwa magongo. Nilipompima aliniuliza swali moja tu.

"Daktari, nitatembea mwenyewe?"

"Mimi si daktari, mama. Lakini utatembea."

Nilimwahidi. Na ahadi ni deni, sote tunajua.

Siku ya safari, nikiwa katikati ya jiji, nikivuka barabara kwenda kwenye basi, tairi moja la begi lilianza kuyumba. Halafu likatoka. Lilibingirika polepole, likapita katikati ya miguu ya watu, likaingia mtaroni. Nilisimama nikalitazama kana kwamba naota. Dereva akapiga honi. Basi lilikuwa linaondoka! Nikaliburuta begi hivyo hivyo juu ya lami, nikikimbia.

Kliniki ilipofunguliwa, Nthenya alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amekuja na viatu viwili ndani ya kiondo. Kwa miaka miwili amekuwa akivaa kimoja. Nikafungua begi. Mama yangu! Kitambaa cha chini ya begi kilikuwa kimetoboka. Mguu wa Nthenya ulikuwa umetokeza nje kwenye tundu, na kisigino chake kimesagwa na lami upande mmoja. Ile mingine miwili nayo ilikuwa imepata nyufa, na mguu ulioharibika huwezi kumvalisha mtu. Utamwangusha.

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Si kitu," alisema. "Kungoja nimezoea."

Akakirudisha kwenye kiondo kile kiatu cha pili alichokuwa ameshakitoa. Afadhali angenigombeza! Nilienda nyuma ya kliniki nikalia.

Wakati wa kurudi nilisinzia. Niliota ile miguu mitatu imetoka begini na inatembea yenyewe barabarani, taratibu, nyumba kwa nyumba, inawatafuta wenyewe. Mmoja ulikuwa unachechemea. Niliamka na moyo mzito.

Nyumbani nilimwambia Lazarus kila kitu. Niliogopa ataumia, maana begi lilikuwa zawadi yake.

"Ulilijaribu wapi?" nikamuuliza.

"Si nilikuambia? Dukani."

"Na sakafu ya duka ilikuwa ya nini?"

Alinitazama. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Vigae," alisema. "Mimi na vigae vyangu! Nilifikiri dunia yote imewekwa vigae." Tukacheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi. "Nenda Ngara, umtafute fundi anaitwa Mwau. Ndiye alishona mfuko wangu wa vifaa. Haujawahi kukatika."

Kibanda cha Mwau kiko pembeni mwa maduka ya jumla. Yeye ni mtu mwembamba na mcheshi. Miwani yake ilikuwa juu ya kichwa, na alikuwa akiitafuta.

"Sasa, mama. Mgonjwa ni nani leo?"

Nikamwonyesha begi jekundu. "Tafadhali, litengeneze. Nimepewa na mume wangu."

Aliomba ruhusa, akachukua kisu, akapasua kitambaa cha ndani. Chini ya kitambaa kulikuwa na kadibodi. Ilikuwa imelowa na kuraruka.

"Unaona? Tairi lilikuwa limeshikwa na kadibodi. Na hizi ni ribiti, misumari ya kugongewa isiyofunguka. Ribiti ikitoka, imetoka. Hata nikikuwekea tairi la lori, litang'oka tena. Naweza kula pesa yako, mama, lakini dhamiri yangu itanisumbua."

"Sasa nifanye nini?"

"Ununue lingine, lakini kwa akili. Kwanza niambie, unabeba nini?"

"Miguu."

Mwau aliishusha miwani machoni. "Umesema nini?"

Nikamweleza habari ya kazi yangu na habari ya Nthenya. Aliacha mzaha. Akauliza maswali mengi. Mzigo una kilo ngapi? Mguu mrefu kabisa una urefu gani? Nasafiri mara ngapi? Barabara zangu zikoje?

"Lami, kokoto, matope," nikasema. "Na ngazi."

"Basi tafuta begi la barabara zako, si la sakafu ya duka. Watu huanza na rangi. Mimi huanza chini, kwa sababu mabegi mengi hufia chini. Nenda ulete ile miguu yako, twende pamoja dukani."

"Miguu? Dukani?"

"Wewe unanunua viatu bila kuvivaa?"

Kesho yake nilirudi na miguu mitatu kwenye gunia. Mguu wa Nthenya ulikuwa umeshapata kisigino kipya, na ile mingine miwili ilikuwa imezibwa nyufa. Mwau alifunga kibanda, tukaenda kwa Macharia, mwenye duka la mabegi.

"Karibu mama! Hii ni orijino," alisema Macharia, akivuta begi la buluu, zuri ajabu.

"Yote kwako ni orijino," alisema Mwau.

Alilipindua lile begi juu chini, kama mtu anayenunua kuku sokoni. Akaniita niangalie. Matairi yawe makubwa, alisema, ya mpira mgumu, na nusu yake yaingie ndani ya begi ili yasigongwe. Madogo madogo hukwama kwenye kila jiwe. Kwa barabara mbovu, mawili makubwa ni bora kuliko manne madogo. Kisha akafungua zipu ndogo ya ndani.

"Hapa ndipo penye ukweli. Unaona skrubu? Skrubu inafunguka, tairi likizeeka nakubadilishia. Na chini ni plastiki ngumu. Hakuna kadibodi."

"Si nilikuambia!" alisema Macharia.

"Ngoja kwanza. Mama, lijaze."

Nikafungua gunia, nikaweka miguu mitatu juu ya kaunta. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mkoba alipiga ishara ya msalaba.

"Haiya!" Macharia akaruka nyuma. "Hiyo ni nini?"

"Ni miguu ya watu."

"Watu gani?"

"Watu wanaoningoja," nikasema.

Macharia alisogea tena karibu. Aliutazama ule mguu wa Nthenya kwa muda, akaugusa wayo kwa kidole kimoja. Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akanishikia begi wazi ili nipange mzigo.

Tukatoka nje. Mbele ya duka kuna matofali yaliyong'oka na dimbwi la maji. Nikalivuta begi la buluu hapo. Matairi yalienda vizuri, lakini ule mkono wa kuvutia ulianza kupepesuka kama mlevi.

"Mkono hafifu," alisema Mwau. "Safari tano tu, utabaki nao mkononi. Leta lile la pale juu."

Lile la pale juu lilikuwa na rangi ya tope. Kabisa, tope!

"Jamani, hili ni baya," nikanong'ona.

"Kwani unaolewa nalo ama unalivuta?"

Nikalivuta. Juu ya matofali, ndani ya dimbwi, juu ya ukingo wa barabara. Lilinifuata kimya, limenyooka. Mkono wake wa chuma haukutikisika. Mwau akanionyesha zipu yenye meno manene, akaizungusha kwenye kona mara nyingi, haikukwama. Akavuta kamba za kubebea kwa nguvu zote. Zilikuwa zimeshonwa mraba, na ndani ya mraba kuna msalaba wa uzi. Akanipa begi tupu nilinyanyue, maana begi zito lenyewe hukuibia nguvu kabla hujaweka kitu. Lilikuwa jepesi. Mguu mrefu kabisa uliingia bila kulazimishwa.

Macharia akaandika kwenye risiti kwamba tairi likivunjika kabla ya mwaka, atalibadilisha bure. Hakuna aliyemwomba.

"Vitu vizito weka karibu na matairi," Mwau aliniagiza tukiagana. "Ukifika kwenye ngazi, linyanyue, usilipige piga. Na ukirudi safari, toa nyuzi na mchanga kwenye matairi. Begi nalo linataka kuoshwa miguu."

Lazarus alipoliona, alipiga magoti sakafuni, akatikisa kila tairi, akakagua kila skrubu kama mkaguzi wa serikali.

"Hili lina sura mbaya," alisema, "lakini ni la kweli."

Nilirudi Makueni na mvua nyepesi. Nilipofungua begi, miguu yote mitatu ilikuwa mikavu na mizima, kila mmoja ndani ya taulo lake. Nthenya aliushika wake, akaukumbatia. Siku tatu tulifanya mazoezi kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Siku ya kwanza aliogopa. Siku ya pili alitoka jasho akacheka. Siku ya tatu aliviacha vyuma.

"Mwenda pole hajikwai," nilimwambia.

"Nami sina haraka," akajibu. "Nataka tu kwenda."

Jioni hiyo nilifunga begi langu, sasa likiwa tupu, nianze safari ya kurudi. Jua lilikuwa limelainika, na vumbi lilining'inia hewani kama ukungu wetu wa Riruta. Nikanyoosha mkono nilichukue begi. Mkono wa Nthenya ulikuwa umeshafika.

"Mama, hapana. Pole pole, bado unajifunza."

"Mgeni wangu hawezi kujibebea mzigo," alisema.

Akalivuta. Hatua moja, begi likafuata. Hatua ya pili, likafuata. Kokoto zililia chini ya matairi na chini ya viatu vyake viwili. Mimi nilitembea kando yake, mikono mitupu, nikiogopa hata kupumua. Kutoka mlangoni hadi getini si mbali. Siku hiyo palikuwa mbali, na nilitamani pasifike mwisho.

Getini alinikabidhi begi. Alikuwa anahema, uso umelowa jasho, amesimama wima.

"Ukifika Nairobi," alisema, "waambie nilikusindikiza."