Nyama ya Wendell

Jumatatu asubuhi kabati la maabara lilikutwa tupu. Halikuvunjwa. Kamera ya joto, ile inayomwona kiumbe gizani au kwenye ukungu kwa joto la mwili wake, haikuwemo.

"Nani ana ufunguo?" aliuliza Inspekta Dolores Hruska.

"Mimi, fundi wetu Wendell, na Golnar, mwanafunzi kutoka Iran," alijibu Profesa Lindqvist, mkuu wa kitivo. "Golnar nimeshamripoti Washington."

"Kabla ya kuniita mimi?"

"Sheria, Inspekta. Kifaa cha kijeshi, mwanafunzi wa nje. Nisiporipoti, chuo kinafungiwa."

"Na Wendell hukumripoti?"

"Wendell? Yule ni mtu wa hapahapa Wisconsin!"

Kesho yake Hruska alimkuta Golnar mahabusu ya uhamiaji, sare inampwaya.

"Kamera iko wapi?"

"Sijui, afande. Ijumaa niliisafisha, nikaifungia kabatini."

"Unaogopa nini?"

"Nilivua hijabu barabarani kule kwetu, picha ikasambaa. Dada yangu yumo kwenye picha hiyohiyo. Mpaka leo yuko ndani. Wakinirudisha, polisi watanipokea uwanja wa ndege."

"Nitampata mwizi," Hruska alisema. Hakupaswa kuahidi.

Wiki hiyo alibisha hodi kwenye nyumba tupu. Msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa, nusu ya mji huhamia msituni, mashahidi wakiwemo. Ijumaa jioni akaingia baa ya Gunderson, ambako waliorudi hujazana kula samaki wa kukaanga na kusengenyana. Gunderson mwenyewe akamsogezea sahani ya soseji.

"Onja hiyo, Dolores. Kulungu wa Wendell."

"Wendell yupi? Wa chuo?"

"Huyohuyo! Miaka yote anarudi na mafua tu, shemeji zake wanamwita Mlezi wa Kulungu. Jumamosi kaangusha dume, pembe haziingii mlangoni! Kagawa nyama mpaka kwa mchungaji."

Meza zote zikaangua kicheko. Hruska akaacha kutafuna.

Kituoni, Wendell alikaa na kofia mapajani.

"Ulimwonaje yule kulungu?"

"Bahati, Dolores. Au mimi si mtu?"

"Jumamosi kulikuwa na ukungu. Wenzako hawakuona hata buti zao."

Wendell akaikunja kofia.

"Askari wangu wako kwenye banda lako la kuwindia sasa hivi, Wendell."

Akafunika uso. "Niliazima tu. Nilikuja nayo Jumatatu, nikakuta Profesa keshafungua kabati na keshapiga simu. Nikaogopa kazi yangu."

"Ukamwacha binti wa watu abebe kosa lako."

"Nilitaka shemeji zangu waache kunicheka. Basi. Hakuna kingine."

Hruska akapiga simu Washington palepale. "Mwizi kakiri, ni fundi wa chuo. Mwachieni Golnar."

"Chuo kiliripoti tishio la usalama," alijibu mwanamke wa upande wa pili. "Ripoti ikiingia inafanyiwa kazi. Utaratibu wa kuifuta hatuna."

"Yuko wapi?"

"Kapandishwa ndege leo asubuhi."

Hruska akaweka simu chini taratibu.

"Lakini si atarudi, Dolores?" Wendell aliuliza. "Mkiwaeleza kwamba ni mimi?"

Hruska akainuka. Akafungua mlango. Mke wa Wendell alikuwa ameshafika na wakili, na kama ilivyo desturi hakuja mikono mitupu. Askari wa zamu walikuwa wamezunguka meza, wanapokezana kisu, wanasifia soseji.

"Dolores, njoo," mmoja alimwita. "Tumekubakizia."