Klaksoni ya Paluku

Rafiki yangu Paluku aliuza gari lake kuukuu, na mnunuzi, Djuma, akamwita kwa malalamiko mara nne.

"Klaksoni iko inalia yenyewe! Mbili fupi, moja ndefu. Njoo uchukue gari yako!"

Hivyo ndivyo Paluku alivyozoea kumwita mkewe, Kanyere, afungue lango. Akaenda kwa Djuma, akaing'oa klaksoni kwa hasira.

"Bon, tonton, imenyamaza," akamwambia Djuma. "Usiniite tena."

Akarudi nyumbani kwa miguu, klaksoni mkononi. Umeme ulikuwa umekatika. Alikuta lango wazi, Kanyere amesimama gizani.

"Papa Benie," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "mbona unatokea nje? Sasa hivi umepiga klaksoni, nikakufungulia, ukaingiza gari."

Paluku akawasha tochi. Ua ulikuwa mtupu. Alipoizima, wakasikia mlango wa gari ukifungwa.