Fundi Anayepima Kwanza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alikuwa na kazi tatu: kuokota sindano zilizoanguka sakafuni, kufagia nyuzi chini ya cherehani, na kuivua kompyuta nguo yake.

Naam, nguo. Mama yake alikuwa mshonaji, na katika nyumba ya mshonaji hakuna kitu kinachokaa uchi. Friji lilikuwa na kitambaa chake, redio ilikuwa na chake, hata ndoo ya maji ilivaa sketi. Kasha la kompyuta, lililokaa chini ya meza kando ya cherehani, lilishonewa gauni na Pini mwenyewe. Alilikata kwenye pazia kuukuu, akatia mpira chini, akadarizi maua manane. Mbele aliweka mlango mdogo wa vifungo, penye kitufe cha kuwashia. Wateja wakiliona walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Pini, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake, alivimba kwa furaha.

Alivimba kupita kiasi. Kwa wiki mbili sasa hakuwa akilivua gauni lile. Alifungua vile vifungo vya mbele tu, ili maua yaonekane mchana kutwa. Mama, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye sindano, hakugundua.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na vipimo vya wauguzi arobaini na wawili. Mama alikuwa amewapima mmoja mmoja hospitalini kwa siku tatu: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu aanze kushonea nyumbani, na sare zilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumatatu alasiri, alipofungua orodha ili aanze kukata, kompyuta ikazima. Akaiwasha. Ikadumu dakika tano, ikazima tena. Mara ya tatu haikumaliza hata dakika moja.

"Pini! Umechezea waya?"

"Sijachezea, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini alipoinama kuchomoa plagi, mkono wake uligusa gauni. Lilikuwa la moto kama pasi. Akalivua upesi, akalisukumia kwenye kapu la matambara kabla mama hajaona.

Mama alikaa akiutazama mkasi. "Vipimo vikipotea, itabidi niwaite watu wote wale niwapime upya. Nani ataniamini tena?"

Siku ya pili walibeba kasha hadi barabara kuu, kwenye duka lenye kibao kikubwa: FUNDI CHAPCHAP, TUNATENGENEZA KILA KITU. Fundi mwenyewe alikuwa akila karanga. Aliligonga kasha kwa kidole mara mbili, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hii imekwisha, mama yangu. Kila kitu cha ndani kimeungua. Niachie hapa, na uniandikie neno lako la siri. Njoo Jumamosi."

"Na vipimo vyangu?"

"Hivyo sahau. Mshukuru Mungu kama kasha litapona."

Mama akawa anatafuta kalamu mkobani. Pini alimwangalia, kisha akamwangalia fundi.

"Samahani, fundi. Umejuaje kimeungua, na hujafungua hata skrubu moja?"

Chapchap akacheka. "Mama, huyu mtoto mdomo wake una kasi kuliko cherehani! Binti, mimi natazama tu, najua."

"Na ukibadilisha kifaa, kile kibovu utaturudishia?"

"Cha nini? Utakipika?"

Mama aliacha kutafuta kalamu. Akalinyanyua kasha, akamwambia fundi, "Asante, ndugu yangu, tutarudi," kwa sauti ya mtu asiyerudi. Walipofika nje alimkazia Pini macho.

"Kumhoji mtu mzima dukani kwake! Nani amekufundisha?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Wewe humkatii mtu kitambaa kabla ya kumpima. Na mabaki yake unamrudishia yote, hata kipande cha kutosha kufunga kidonda. Unasema ndiyo heshima ya fundi. Huyu hakupima."

Mama alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. "Haya, mwanangu. Basi tutafutie anayepima."

Alasiri ile Pini alianza kuulizia. Hakuuliza nani fundi hodari, maana kila mtu ana binamu hodari. Aliwaendea watu wenye kompyuta za zamani zinazofanya kazi bado, akawauliza, "Nani huwatengenezea? Na ikiharibika tena, huwa anawaambiaje?" Karani wa shule alimtaja mtu mmoja. Muuza dawa wa kona ya pili akamtaja mtu yuleyule. "Dada Bisibisi," alisema. "Kuna siku nilikwenda nimejiandaa kununua kompyuta mpya. Akaniambia waya umelegea tu, akaukaza, akanifukuza."

Dada Bisibisi alifanya kazi kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya posta. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na bisibisi tatu zilichomoza kwenye nywele zake. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya Pini kwenda shule, walimkuta ameshafungua. Pini alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," huku akivuta viti viwili.

"Kaeni hapa mnione. Sipendi kufungua kitu cha mtu akiwa hayupo. Sasa nielezeni. Ilianzaje?"

Mama alieleza. Fundi aliandika yote kwenye daftari.

"Inakaa wapi?"

"Chini ya meza, karibu na cherehani."

"Inafunikwa ikiwa imewashwa?"

"Hapana," alisema mama. "Ina kifuniko, ila huyu binti huivua kila asubuhi. Ni mwaminifu sana kwa kazi hiyo."

Neno lile lilimchoma Pini. Dada Bisibisi alikuna kichwa kwa bisibisi.

"Kama inapata hewa vizuri, nahisi kifaa kinachoipa umeme kimeharibika. Sina hapa. Nitakiagiza leo, kitafika Jumatatu. Tukikifunga ndipo tutajua."

"Jumatatu!" Mama aliweka mkono kifuani. "Nina sare arobaini na mbili za Ijumaa!"

Pini alitazama viatu vyake. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kifaa kingebadilishwa, kompyuta ingezima tena, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Akasimama.

"Sikuivua," alisema. "Wiki mbili nzima. Nilitaka watu waone maua. Juzi ilipozima, gauni lilikuwa la moto, nikalificha. Nisamehe, mama."

Mama alimgeukia, akamtazama. Dada Bisibisi alikata mstari juu ya alichokuwa ameandika.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeyasema kabla ya kilio. Shika tochi hii, unimulikie."

Alifungua kasha. Wote watatu waliinama. Ndani hamkuonekana chuma wala waya. Mlikuwa na zulia: nyuzi za bluu, nyeupe na nyekundu, zimeshikana na vumbi, zimeizunguka feni hadi haizunguki.

"Mnashona hata humu ndani?" aliuliza Dada Bisibisi, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

Fundi aliishika feni kwa kidole isije ikazunguka ovyo, akapuliza vumbi, akapitisha brashi laini. Uchafu wote aliutia kwenye mfuko wa karatasi, akampa mama. "Mali yako hiyo."

Kisha akawasha. Dakika tano zikapita. Kumi. Ishirini. Mama alifungua orodha, akasoma jina la kwanza hadi la arobaini na mbili. Hakukosekana hata mmoja. Kabla ya kufanya lolote jingine, Dada Bisibisi alimwonyesha Pini jinsi ya kunakili vipimo kwenye flashi.

"Kompyuta ni kama mtu, inapumua," alisema. "Isogeze mbali na cherehani, na usiibane na ukuta. Kila baada ya miezi mitatu niletee niisafishe. Na kitu muhimu kisikae mahali pamoja tu."

Kuanzia siku hiyo cherehani haikupumzika. Pini akitoka shule alisoma vipimo kwa sauti, mama akakata. Kila jioni alinakili orodha, na kila asubuhi alipapasa nyuma ya kasha kuhakikisha hewa inatoka.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, wauguzi walijaa uani wakiwa ndani ya sare mpya. Muuguzi mkuu alinyoosha mikono juu, akageuka, akainama. "Haijabana popote! Umetupima kwa jicho gani?"

Mama alimvuta Pini, akamsimamisha mbele ya wote.

"Kwa jicho langu na la huyu. Binti yangu alikosea, akasema ukweli ulipokuwa mchungu, kisha akafanya kazi ya kurekebisha kosa lake. Chombo hudumu kwa kutunzwa, Pini, na ukiwa na shida umtafute fundi anayekubali kuulizwa maswali. Lakini hata fundi bora hawezi kutibu kile ulichomficha. Mimi sare nimeshona nyingi. Leo najivunia wewe kuliko hizi zote."

Wauguzi wakapiga makofi. Pini, mwenye jibu kwa kila mtu, alikimbilia ndani kupapasa nyuma ya kasha kama hewa inatoka.