Kinusakuvu Katika Nyumba ya Msiba

Kinusakuvu kiliteremka kwenye uzi wake kama buibui, kikasimama juu ya duara la jibini, kikavuta pumzi. Taa ikawaka nyekundu. Kikasogea kwenye duara la pili: nyekundu. La tatu, nyekundu tena. Mhandisi Subilaga Mwaijande alikaa, akasimama, akakaa tena.

Yeye ndiye aliyekibuni. Zamani, kujua kama ukungu ulioota juu ya jibini iliyokomaa ni ule mwema unaoipa ladha au ule mwovu unaotoa sumukuvu, ilibidi kipande kipelekwe maabara Mbeya, majibu yasubiriwe, na walaji nao hawasubiri. Kinusakuvu kiliimaliza kazi hiyo papo hapo. Kila ukungu una harufu yake, hata kama pua ya binadamu haiipati. Mashine ilinusa, akili unde iliyomo ndani ikalinganisha na harufu ilizofundishwa, na kabla hujamaliza kupiga chafya jibu liko tayari. Sasa vinusakuvu vilining'inia katika kila ghala la jibini la milima ya Rungwe, na Subilaga alitembea kifua mbele. Nani asingetembea hivyo?

"Ghala zima lina sumukuvu," kilisema kinusakuvu kwa sauti yake ya upole. "Kichomeo kimeitwa. Kiko njiani."

Kichomeo kilikuwa gari lisilo na dereva la kuteketeza jibini zenye sumu, na hakikujua kubembelezwa.

Mlangoni alisimama Mama Lugano, mwenye ghala, kitambaa cheusi kichwani. Mumewe, mzee Ambilikile, alikuwa amezikwa juzijuzi tu na matanga yalikuwa hayajaondolewa. Jibini hizi ndizo zilizobaki za kazi ya mikono yake.

"Ndaga, asante kwa kuja, mwanangu," alisema. "Ila nieleweshe. Ukaguzi uliopita zote zilikuwa kijani. Leo zote zimeharibika?"

"Sumukuvu hujificha, mama."

"Ikajificha kote, ikajitokeza kote siku moja?"

Swali hilo lilimkera Subilaga kuliko taa zenyewe. "Kuna kitu kimebadilika humu tangu msiba?"

"Kibadilike nini? Nyumba ikiwa na msiba, ghalani hakuguswi. Hata kuzifuta sijazifuta. Unisamehe, umezikuta na vumbi lake."

"Mnazifuta kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya chumvi na majivu ya maganda ya ndizi. Mgeni akija lazima uzifute, utamwonyeshaje kitu kichafu? Hata ulipokuja kuchukua jibini za kuifundishia mashine yako, tulizifuta nyumba zote huku. Tuliambiana, binti anakuja na wakubwa wake, asitukute na aibu."

Subilaga alihisi maji yamezidi unga. Jibini salama alizoifundishia mashine zilitoka katika nyumba hizi, zimefutwa kwa heshima yake. Zile zenye sumu alizikuza mwenyewe maabara, na maabara hakuna anayezifutia wageni.

Akaomba maji ya majivu. Mama Lugano, kwa ajili ya msiba, hakuthubutu kushika kitambaa, kwa hiyo mhandisi akafuta duara moja kwa mkono wake. Kinusakuvu kikanusa. Kijani.

Nje kichomeo kilipiga honi. Subilaga akakimbilia kwenye gari lake, akarudi na duara la sumu alilokuwa akitembea nalo la kupimia mashine. Lilikuwa halijawahi kuwashiwa taa yoyote ila nyekundu. Alilifuta kwa maji yale yale ya majivu.

"Salama," kilisema kinusakuvu. "Unaweza kula." Kumbe kilikuwa kikinusa majivu, si ukungu.

Akaiinua saa yake mdomoni. "Rudisha kichomeo. Zima vinusakuvu vyote vya milima hii. Jibini yoyote isiliwe, ya kijani wala ya nyekundu."

"Sababu?" iliuliza saa.

"Kosa la mhandisi."

Mama Lugano alishusha pumzi. "Kwa hiyo zangu zimepona?"

"Sijui, mama. Hizi hazitajulikana mpaka zipimwe maabara."

"Na zile za kijani tulizokula?"

Wote wawili walikuwa wakimfikiria mtu mmoja. Kabla ya mashine, mzee Ambilikile alikuwa mwoga wa ukungu. Duara alilolitilia shaka alilitupa motoni bila kujuta. Mashine ilipokuja aliionja kila jibini ya kijani na kulisifu jina la Mwaijande kwa majirani. Kisha tumbo likavimba, na madaktari wakasema ni ini.

"Nilikuwa nazifuta mimi," Mama Lugano alisema polepole. "Nazifuta zing'ae, halafu namkatia."

"Hapana, mama. Mimi ndiye sikuuliza. Nilipokea jibini zenu, nikashukuru, nikaondoka. Kosa ni langu." Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Ungedhani Mama Lugano atamfukuza, na nani angemlaumu? Lakini uso wake ukabadilika ghafla.

"Lile duara nililokufungia mara ya mwisho, uwapelekee watoto. Mmelimaliza?"

"La kijani," alisema Subilaga. "Tulilianza leo asubuhi. Nimemfungashia mwanangu Lusubilo kipande cha kula shule."

Mama Lugano alimshika mkono ule wenye saa, akauinua mwenyewe hadi mdomoni mwa mhandisi.

"Basi unangoja nini, mwanangu? Mpigie mwalimu wake!"